Hesabu ya Mabega

Hajati Kaltumi alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ndiyo iliyomponza. Miaka ishirini na minane alifundisha watoto kujumlisha na kutoa katika shule ya msingi. Alipostaafu hakukaa barazani kusuka vifuniko vya vyakula kama Wanubi wenzake wa umri wake. Alikabidhiwa daftari la chama cha mazishi cha Wanubi wa Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma. Wanaume walimpa kazi hiyo kwa sababu mwandiko wao wenyewe, tuseme ukweli, hausomeki. Mwanamke haendi makaburini siku ya maziko, walisema, lakini hakuna aliyesema asiandike. Basi akaandika: jina la marehemu, la baba, la babu, siku, na safu aliyolazwa. Hata mumewe alimwandika mwenyewe, kwa mwandiko uleule ulionyooka, ndipo akaenda chumbani kulia.

Kwa miaka kumi na miwili daftari lile lilikuwa likienda taratibu. Watu wawili kwa mwezi, mwezi mbaya watatu. Halafu ikaja Juni ya mwaka 2021, wimbi la pili la korona, mji umefungwa, takisi zimeegeshwa, na watu wanakufa kana kwamba wameitwa kwa orodha. Katika wiki sita Hajati aliandika majina thelathini na moja. Makaburi yao yako juu ya kilima kidogo, ng'ambo ya karakana za chuma, na hayajawahi kuwa makubwa. Mzee Kamis, ambaye siku za kawaida ni fundi wa mageti na siku za msiba ndiye mkuu wa wachimbaji na wabebaji, alichimba kaburi la thelathini akakutana na mifupa ya mtu mwingine. Aliifukia, akasoma alichosoma, akasogea hatua mbili. Hakukuwa na mahali pa kusogea tena.

Mwezi wa Agosti wanachama wakakutana katika darasa la madrasa, madirisha wazi, kila mtu na barakoa yake kidevuni. Fedha za kununua kiwanja kimoja zilikuwepo, na viwanja vilivyopatikana vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa palepale Katwe chini, kando ya mtaro mkubwa. Cha pili kilikuwa Bugolobi, nusu ekari iliyobanwa kati ya maghorofa na viwanda. Cha tatu kilikuwa Matugga, njia ya Bombo, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini: ekari tano za udongo mwekundu, mteremko mzuri, hati safi. Dalali alikuwa akipiga simu kila nusu saa kuuliza kama wazee wamekwisha kupiga "kula", na kila akiuliza mtu mmoja alijibu kwamba chakula bado. Ndicho kicheko pekee kilichosikika mle ndani siku ile.

Hajati alishika chaki. Kile cha mtaroni alikiondoa mapema. Mvua ya Novemba ikija, maji yanafika magotini, akauliza kama wanataka kuzika watu au kuwaogesha mara ya pili. Cha Bugolobi, kwa mwendo wa mwaka ule, kingejaa kabla ya miaka miwili, na hakuna ajuaye kama kesho kiwanda cha jirani hakitataka njia ya malori. Matugga pangewatosha wao, watoto wao, na watoto wa watoto wao. Namba zilijipanga ubaoni kama askari kwenye gwaride, na ni nani wa kubishana na ubao?

Mwenyekiti, Abdul-Karim, muuza vipuri mpole asiyependa ugomvi, aliuliza swali moja tu. Je, ugonjwa ukiisha, mambo yakarudi kuwa watu wawili kwa mwezi, hizo ekari tano ni za nani?

"Mwenyekiti, mbele hatukujui," Hajati alimjibu. "Lakini ukijenga kwa ajili ya siku njema, siku mbaya itakukuta nje."

Mzee Kamis alisimama, akasafisha koo, akaangalia ubao, akaketi tena. Mikono ikainuliwa, na Matugga ikapita.

Isidhaniwe kwamba umbali haukumsumbua Hajati. Ulimsumbua. Lakini jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Opoka, askari polisi mstaafu, Mwacholi wa Kitgum, ambaye mtaa mzima unamwita Afande. Hajati alimwuliza kuhusu jambo hilo, na Afande akamjibu kwa Kiswahili chake cha kambini, kilichomtosha kuamrisha watu miaka thelathini. "Hajati, sisi watu ya Kitgum, maiti yetu nasafiri kwa gari siku nzima. Iko mbali, lakini akifika, amefika." Hajati akaona, kumbe! Kama watu wanapeleka wapendwa wao kilomita mia nne na ushee, kilomita ishirini ni nini? Akalala usingizi mzuri.

Kiwanja kikanunuliwa, kikazungushiwa uzio wa seng'enge, Mzee Kamis akatengeneza geti zuri la chuma lenye mwezi na nyota. Masheikh wakaenda kusoma dua. Kilichobaki ni mtu.

Na mtu hakupatikana. Ugonjwa ulipungua kama ulivyokuja, bila kuaga, watu wakarudi kufa kwa mwendo wao wa zamani, na kila aliyekufa alikuwa na sababu ya kutokwenda Matugga. Huyu aliacha wasia alazwe karibu na mama yake. Yule alikuwa mtoto mchanga, hahitaji nafasi kubwa, abanwe tu hapo. Mwingine alikufa Alhamisi jioni, na Ijumaa njia ya Bombo haipitiki kwa msongamano. Mzee Kamis akaendelea kusogea, leo kwa upana wa kiganja, kesho kwa kung'oa mti wa pembeni. Ukweli ulikuwa mmoja na kila mtu aliujua: hakuna aliyetaka mtu wake awe wa kwanza. Kifo cha wengi harusi, wahenga wamesema, lakini hawakusema lolote juu ya kaburi la mmoja katika ekari tano.

Hajati alikasirika. Katika kila hitima alisimama upande wa wanawake na kukumbusha kwamba kiwanja kipo, ni chao, kimelipiwa, na kwamba katika ardhi ya Mungu hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ndipo siku moja, mwishoni mwa mwaka 2022, katika hitima iliyosomwa nyumbani kwa wifi yake Zuleika, mtu akamjibu. Alikuwa Husnah, muuza vitambaa, mwanamke mwenye ulimi usiolala, aliyemzika baba yake wiki ile kwa kubanabana.

"Hajati," alisema, na sinia la wali likasimama mikononi mwa aliyelibeba, "mbona unatusukuma mbele? Anza wewe."

Wanawake waliinamisha vichwa. Hajati alisema mwenye kufa hachagui zamu, akaketi. Lakini maneno yale yalimwingia, yakakaa.

Sasa, Hajati alikuwa na mtoto mmoja tu, Nabilah, na Nabilah alikuwa na selimundu, ile wanayoiita siko seli. Alizaliwa nayo. Madaktari walisema hatavuka miaka mitano, akavuka. Wakasema kumi na nane itakuwa bahati, akavuka nayo. Alikuwa na ishirini na sita, mwembamba, macho ya manjano kidogo, kazi yake kupakia kahawa katika ghala moja kule Bugolobi, na mdomo wa mzaha aliourithi kwa marehemu baba yake. Maumivu yakimshika, mama yake alimkanda miguu kwa mafuta ya moto na kumhesabia pumzi, moja, mbili, tatu, mpaka dawa ifanye kazi.

Januari ya 2023 alilazwa siku tisa. Siku aliyorudi nyumbani, wawili wakiwa wamekaa kitandani wanakunja nguo, aliuliza kwa sauti ileile ya mzaha, "Mama, na mimi utanipeleka kule shambani kwako?"

Hajati alimwambia aache maneno hayo, yeye Nabilah ndiye atakayemzika mama yake.

"Mama, wewe ni mtu wa hesabu," Nabilah alisema. Alikunja shuka mara mbili, akalinyoosha kwa kiganja. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Ukinipeleka, sawa. Ila nisiwe peke yangu. Subiri kwanza kuwe na watu."

Mama alisema atasubiri. Alisema hivyo ili wayaache, kama vile mtu anavyomwambia mtoto ndiyo ili alale. Lakini alilisema, kwa mdomo wake, na Nabilah alilisikia.

Alikufa Machi, Jumanne, saa tatu asubuhi, hospitalini, mkono wa mama yake juu ya goti lake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sina haja ya kuueleza. Saa sita walikuwa wamemfikisha nyumbani. Hajati alimwosha mwenyewe pamoja na Zuleika, akamvisha sanda, akakaa naye. Chumba kilijaa wanawake. Maziko yangekuwa baada ya alasiri, na mpaka saa hiyo hakuna aliyeuliza ni wapi, maana kila mtu alidhani anajua.

Abdul-Karim alikuja mpaka kwenye pazia la mlango, akasimama nje kwa adabu. "Hajati, tumepata nafasi," alisema taratibu. "Ubavuni kwa baba yake. Tukibana kidogo, anaingia."

Hajati aliinua macho, na kati ya nyuso zote zile macho yake yakaangukia kwa Husnah, aliyekaa karibu na dirisha, tasbihi mkononi. Maskini Husnah hakuwa na neno siku ile. Alikuwa akilia kama wengine. Lakini Hajati hakuona machozi, aliona ule mdomo wa siku ya hitima. Na pale pale, juu ya mwili wa mwanawe, akaanza kupiga hesabu. Watu wawili kwa mwezi. Lango likishafunguliwa, aibu ya kuwa wa kwanza imekwisha, na wa pili atakuja bila shida. Siku kumi na tano. Nabilah atakaa peke yake siku kumi na tano tu, na baada ya mwaka atakuwa na majirani zaidi ya ishirini, na chama kitakuwa kimeokoka, na hakuna atakayesema kwamba Hajati Kaltumi alisukuma wa wenzake na kumficha wa kwake.

"Matugga," alisema.

Abdul-Karim aliuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika. Kaburi na kiburi vimepishana herufi moja, na mwalimu aliyesahihisha imla za watoto maisha yake yote hakuiona herufi ile siku alipotakiwa kuiona.

Gari lilikuwa pikapu ya Afande Opoka. Aliliosha, akatandika mkeka mpya nyuma, akavaa koti lake la sherehe za polisi. Hajati alisimama mlangoni na wanawake wenzake akaliona jeneza likiinuliwa, likitoka uani, likiwekwa garini, gari likaingia barabarani na kupotea nyuma ya lori la vyuma. Hatua saba au nane, basi. Alihisi kuna kitu hakikwenda sawa, lakini hakujua ni nini. Alidhani ni msiba tu.

Aliyemwambia alikuwa Mzee Kamis. Alikuja kesho yake baada ya adhuhuri, akakaa ukumbini, akakataa chai. Hajati alitaka kujua kila kitu, kwa sababu hakuwepo, na mzee akampa yote kwa mpangilio. Walitoka watu wengi msikitini, lakini mafundi wa Katwe hawawezi kufunga karakana nusu siku, na gari za kutosha hazikupatikana. Walioondoka walikuwa kumi na tisa. Kwenye msongamano wa Kawempe magari mawili yaligeuza. Waliofika walikuwa kumi na mmoja, pamoja na Afande, ambaye ni Mkatoliki na alisimama pembeni kofia mkononi. Kutoka getini mpaka kaburini ni hatua arobaini. Walimbeba, wakamlaza, wakamfukia, sheikh akasoma talakini, jua likawa linazama, dereva mmoja akawa anapiga honi. Wakaondoka.

Hajati aliuliza kama udongo ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri. Aliuliza kama kulikuwa na upepo. Mzee alisema hakumbuki upepo.

Halafu alikaa akiviangalia viganja vyake vyenye makovu ya moto wa kulehemu, akasema, "Hajati, mwaka ule ubaoni ulihesabu kila kitu. Mabega hukuyahesabu."

Hakuelewa. Ikabidi amfafanulie, na mzee alifafanua kwa upole, kwa sababu aliona kwamba kweli mama huyu hajui. Kutoka msikitini Katwe mpaka makaburini juu ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Jeneza likitoka, anayeliona anakuja kulitolea bega. Huyu anabeba hatua kumi, anamwachia mwingine, yule anamwachia wa tatu. Mafundi wanazima mashine za kukatia chuma. Wachuuzi wanaweka chini mizigo yao. Hata mtu asiyemjua marehemu, hata mtu aliyegombana naye, anaingia chini ya jeneza. Maiti wa Katwe anapita juu ya mabega mia mbili kabla ya kufika. Ndiyo maana watu hawakutaka Matugga, wala si kwa sababu ya petroli. Mtu aliyeishi maskini maisha yake yote, mzee alisema, siku ile anabebwa na mtaa mzima.

"Mbona hukusema?" Hajati aliuliza.

"Nilisimama niseme. Nikaona utadhani tunaogopa kuchoka. Na wewe hujawahi kubeba. Ningekwambia nini?"

Alipoondoka, Hajati alibaki pale ukumbini. Miaka kumi na miwili, na zaidi, alikuwa ameandika walipolazwa watu, na hata mara moja hakuwa ametembea nyuma yao. Alijua safu zote na hakuijua njia. Wanaume waliijua njia lakini hawakujua kuisema. Na Afande alimdanganya bila kukusudia, kwa sababu maiti wa Kitgum husafiri mbali, ni kweli, lakini akifika anawakuta baba yake na babu yake, na ukoo mzima uliokesha ukimsubiri. Akifika, amefika. Nabilah alifika wapi?

Hata hivyo akaishikilia hesabu yake, maana hakuwa na kingine cha kushika. Siku ya kumi na tano alifariki mzee mmoja wa Kisenyi, wakambana juu kilimani. Siku ya ishirini na tatu, mwanamke aliyejifungua, juu kilimani. Arobaini ya Nabilah ilisomwa, watu wakala, wakamwombea, na katika vikundi vya wanaoondoka Hajati alitafuta uso ambao ungesema, Hajati, wa kwetu akiondoka tutamleta. Hakuna. Badala yake walimpongeza kwa ujasiri. Loo, alitamani wamtukane.

Idd ikapita, na nyingine. Na mwaka 2024, mambo ya Mungu, jirani wa makaburi ya zamani, Haji mmoja mwenye karakana kubwa ya masufuria, alishikwa na kiharusi, na kabla hajafa akatoa wakfu uwanja wake wote uliopakana na makaburi. Nafasi ya watu mia nne, hapo hapo Katwe juu, mwendo uleule wa robo saa. Kilima kiliongezeka kama vile kilikuwa kinasubiri tu. Katika kikao, katika darasa lilelile, Abdul-Karim hakumtazama Hajati usoni alipoeleza kwamba chama hakina haja tena na ekari tano. Wangewapangisha wakulima wa mahindi sehemu yote, isipokuwa pembe moja yenye uzio, kwa heshima ya marehemu.

Hajati aliomba jambo moja: mtoto arudishwe. Sheikh alikuwa kijana, msomi, na machozi yalimlengalenga alipojibu. Alisema maiti akishazikwa kwa haki hafukuliwi kwa sababu ya majonzi. Kisha akamkumbusha ile aya ambayo kila mmoja wetu ameisikia msibani, kwamba nafsi haijui itafia ardhi gani. Hajati alisema anaijua. Alisema yeye hakuwa na tatizo na kufa, Mungu ndiye aliyepanga kifo, lakini ardhi aliichagua yeye mwenyewe kwa chaki.

Akaomba la pili. Akifa, apelekwe Matugga, na iandikwe. Hapo wazee walikataa kwa sauti moja, na walikataa kwa mapenzi. Mzee Kamis alimwambia kwamba vijana wa Katwe hawatakubali, gari halitatoka mtaani. Yeye aliyewaandikia wazazi wao wote wampakie kama gunia? Watambeba mpaka juu, na siku hiyo Katwe nzima itazima mashine. Alisema kama anampa zawadi, na Hajati aliona kwamba ni kweli, watafanya hivyo, na kwamba akifia Katwe hakuna karatasi itakayowazuia.

Kwa hiyo akaamua kutofia Katwe.

Alikabidhi daftari kwa Zuleika. Akapangisha nyumba yake kwa watu wa Afande waliotoka Kitgum, akabeba kitanda, msala, sufuria mbili na meza yake ya kusahihishia, akahamia Matugga. Watu walisema msiba umemchanganya. Haukuwa umemchanganya hata kidogo. Alizunguka senta ya Matugga, pale penye maduka ya barabarani, siku tatu kutafuta chumba, akakataa vinane. Kimoja kilikuwa na umeme na maji lakini kiko ng'ambo ya barabara kuu, na magari hayasimami. Kingine kilikuwa kizuri ila mbele yake kuna mtaro. Akachukua cha tisa, chumba kibovu chenye mlango wa bati, kwa sababu kutoka kizingitini mpaka kwenye geti la mwezi na nyota ni hatua mia tatu na kumi, njia ya udongo, tambarare, hakuna pa kujikwaa. Alikuwa ameitembea mara nne, polepole, kwa mwendo wa watu waliobeba kitu.

Kila asubuhi alikwenda kule pembeni, akapalilia, akamwambia Nabilah habari za nyumbani. Mahindi yalikuwa yamepanda mpaka kifuani pande zote tatu. Alimwomba radhi, kila siku, kwa maneno yaleyale. Halafu alirudi kupitia kwenye stendi ya bodaboda.

Wiki ya pili alisimama pale stendi. Walikuwa sita wamekaa juu ya pikipiki zao, watu wazima wenye familia, wanamsubiri abiria asiyekuja. Waliona mama mwenye ushungi mweupe na daftari jipya, wakadhani anataka kupelekwa mahali. Aliwasalimu, akauliza kama kuna Mwislamu miongoni mwao. Watatu waliinua mikono. Alisema si lazima wawe Waislamu, alitaka kujua tu. Alisema anatafuta watu wa kubeba jeneza.

Aliyekuwa mbele, anaitwa Hamim, alivua kofia yake ngumu akaishika tumboni. "Pole sana, mama," alisema. "Nani amefariki?"

"Bado hajafariki."

Walitazamana. Hamim aliuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa yuko hospitali au nyumbani.

"Ni mimi," alisema Hajati. "Siumwi. Nakaa pale kwenye mlango wa bati. Si mzito, na njia ni fupi, nimeipima. Naomba tu mnipokezane mabegani, msiniweke kwenye gari hata kama lipo." Akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaupigia mstari pembeni kama wafanyavyo walimu. "Na mkishanifikisha, kaeni kidogo kabla ya kuondoka. Kuna mtu pale hajawahi kupata wageni."

Kisha Hamim akalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, taratibu, ili mama apate kuandika.